Namba ya mlangoni haitoshi tena

*Magari ya safari ya Kaskazini yamevaa matairi mazito ya kashata, lakini upepo wake bado unajazwa kwa mazoea. Kati ya Makuyuni na Seronera, mazoea hayo yana gharama.*

Tairi limelazwa sakafuni kwenye karakana ya pancha mjini Karatu. Kashata zake ni ndefu, na ukilitazama kwa nje utadhani limetoka dukani mwezi uliopita. Fundi analipanua mdomo kwa vyuma viwili, anapitisha kiganja ndani, kisha anakitoa kikiwa kimejaa unga mweusi wa mpira.

Unga huo unaeleza yote. Tairi halikuchomwa na msumari wala halikukatwa na jiwe. Ubavu wake umekunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu lilipozunguka, kilomita baada ya kilomita, hadi tabaka la ndani likasagika. Lilikuwa linabeba mzigo mkubwa kuliko upepo uliokuwamo. Tairi la namna hii haliwekwi kiraka. Linatupwa.

Dereva atakwambia alijaza upepo kama inavyotakiwa, na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Alifungua mlango wake, akasoma stika ya kiwandani kwenye fremu, akajaza namba aliyoiona. Ila namba ile iliandikwa kwa ajili ya tairi jingine.

Safari moja, barabara mbili

Ukitoka Arusha unakwenda kwa lami hadi Makuyuni, unakata kulia, unapita Mto wa Mbu, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa, unaivuka Karatu na kufika geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro. Kote huko ni lami, na gari linakwenda kwa mwendo wa barabara kuu.

Getini lami inakoma. Kinachofuata ni udongo mwekundu, kisha changarawe yenye mawimbi magumu kuelekea Naabi na Seronera. Mawimbi hayo hulegeza nati, huvunja shokapu na kuwachosha abiria migongo. Masika yakishika, au mvua zikipiga Ndutu wakati nyumbu wanazaa, barabara hiyo hiyo inageuka tope jeusi linalonata kama gundi.

Gari linalopita njia hizi si lile lililotoka kiwandani. Land Cruiser limekatwa na kurefushwa, limewekewa paa linaloinuka, viti vya ziada, friji, betri ya pili na matairi mawili ya spea nyuma. Juu ya hayo pakia watalii na mabegi yao, maji ya kunywa, chakula cha mchana na mafuta ya kufika Seronera na kurudi.

Baada ya hapo mwenye gari hununua matairi ya kashata, yale ya njia zote, yaliyoundwa kwa tabaka nene ili yahimili mawe. Ni uamuzi mzuri na una sababu. Kasoro ni kwamba kila kitu kwenye gari kimebadilishwa isipokuwa ile stika ya mlangoni, na watu wanaendelea kuitii.

Mzigo uleule, upepo tofauti

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na panastahili kuelezwa taratibu.

Chuma cha rimu na mpira wa tairi havibebi gari peke yake. Sehemu kubwa ya uzito inabebwa na hewa iliyobanwa ndani. Kila tairi lina namba ya uwezo wa mzigo ubavuni mwake. Namba 112, kwa mfano, maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Namba 123 ni kilo 1,550. Uwezo huo haupatikani kwa upepo wowote ule. Unapatikana kwa upepo maalumu, na upepo huo unatofautiana kati ya jamii moja ya matairi na nyingine.

Chukua tairi la kawaida la gari la familia la 4x4, saizi 265/70R16 lenye namba 112. Linabeba kilo zake 1,120 likiwa na psi 36. Sasa chukua tairi la kashata linalokaribiana nalo kwa ukubwa, LT265/75R16 la daraja C. Herufi LT mbele ya saizi zina maana ya tairi la gari la mizigo midogo. Nalo lina namba 112. Ila ili libebe kilo zilezile 1,120 linahitaji psi 50.

Daraja E la saizi hiyohiyo hufika kilo 1,550, lakini kwa psi 80.

> Kilo 1,120 zilezile: tairi la kawaida psi 36, tairi la LT psi 50.

Watu wengi hudhani kinyume chake. Wanaona tairi nene, zito, lenye mbavu ngumu, wanasema hili lina nguvu, hata upepo kidogo litavumilia. Unene huo unalilinda dhidi ya kukatwa na mawe. Peke yake hauongezi uwezo wa kubeba. Tena mpira mnene ukikunjwa hutoa joto zaidi kuliko mpira mwembamba, na joto hilo halina pa kutokea haraka.

Matoleo kadhaa ya Toyota Prado yana stika ya psi 29, sawa na kPa 200. Kwa matairi yaliyokuja nalo na familia ya watu wanne, namba hiyo inatosha. Vua matairi hayo, funga ya LT, pakia gari hadi dirishani, kisha jaza psi 29 ileile na ushike barabara ya Dodoma saa nane mchana. Kwa macho tairi litaonekana zima. Ndani linapikwa.

Tufanye hesabu ya gari la safari. Tuseme likiwa limejaa lina kilo 3,200, na asilimia 60 ya uzito inakaa nyuma. Hizo ni kilo 1,920 kwa ekseli ya nyuma, yaani kilo 960 kwa kila tairi. Kwa tairi la LT nililolitaja, ukikadiria kwa uwiano wa moja kwa moja kutoka kilo 1,120 kwa psi 50, unapata takriban psi 43. Jedwali la mtengenezaji linaweza kukuruhusu kushuka kidogo chini ya hapo, kwa hiyo makadirio haya yanaegemea upande wa usalama. Kwa tairi la kawaida hesabu hiyohiyo inatoa psi 31.

Tofauti ni psi 12, kwa gari lilelile na abiria walewale.

Mbele mzigo ni mdogo, kilo 640 kwa tairi, na hesabu itashuka hadi chini ya 30. Usiifuate huko. Majedwali ya matairi ya LT kwa kawaida huanzia psi 35, na hapo ndipo ningeweka sakafu ya matairi ya mbele kwenye lami.

Wanaosema jaza, wanaosema punguza

Ukizungumza na watu wanaoishi na matairi haya, unakuta kambi mbili, na kila kambi ina sababu zake.

Kambi ya kwanza ni ya mafundi na wauzaji wengi. Wao husema jaza, tena jaza mpaka liwe gumu. Wameona matairi mengi mno yaliyosagika ndani. Wengine huonyesha namba iliyoandikwa ubavuni na kuijaza kama ilivyo. Hapo ndipo ninapoachana nao. Namba ya ubavuni ni kikomo, upepo unaoliwezesha tairi kubeba mzigo wake wa juu kabisa. Kumjazia psi 80 mtu mwenye gari lisilo na mzigo ni kumpa tairi linalogusa barabara kwa ukanda mwembamba wa katikati. Breki zitapungua uwezo kwenye lami yenye maji, kashata za katikati zitaisha kabla ya za pembeni, na kila jiwe la Olduvai litakutana na mpira uliokazwa usioweza kubonyea.

Kambi ya pili ni ya madereva wanaoongoza watalii. Hawa ndio wanaokaa ndani ya gari wakati mawimbi ya changarawe yanalitikisa. Wanajua kwamba ukitoa upepo kidogo tairi hulainika, hulifuata jiwe badala ya kuligonga, na shokapu hupumua. Mgeni mwenye mgongo mbovu hufika Seronera akiwa bado anatabasamu. Hili si suala la starehe peke yake. Tairi lililopunguzwa upepo hushika changarawe vizuri zaidi, gari halichezi mkia kwenye kona.

Sayansi inawaunga mkono. Ukipunguza upepo, alama ya tairi chini hupanuka kidogo lakini hurefuka sana, na urefu huo ndio unaoongeza mshiko. Wenzetu wa Oman wanaijua habari hii kuliko sisi. Mashariki ya nchi hiyo, upande wa Ibra na Bidiya ambako Kiswahili bado kinasikika kwenye mabaraza ya familia zilizowahi kuishi Zanzibar na bara, hakuna anayeingia kwenye mchanga wa Sharqiya bila kutoa upepo. Wanashuka hadi psi 15 hivi, wanapanda mchanga polepole, na wakirudi barabarani wanapita kwa fundi kujaza kabla ya kushika lami.

Neno zito hapo ni kujaza kabla ya kushika lami. Dereva wetu anayetoa upepo Lodoare, siku ya tatu yuko njiani kurudi Arusha, ndege ya wageni inasubiri, na hana pampu garini. Anaishika lami ya Karatu akiwa na upepo wa changarawe, anashuka ukingo wa Mto wa Mbu, anafika tambarare ya Makuyuni, anaongeza mwendo. Hapo ndipo matairi yanapopasuka.

> Upepo uliotolewa kwa ajili ya changarawe ni deni. Linalipwa kabla ya lami.

Simlaumu yeye. Kampuni inayomkabidhi gari la mamilioni bila geji ya kuaminika na bila pampu ya kuchomeka kwenye betri imemwachia achague kati ya migongo ya wageni na maisha yao. Vifaa hivyo viwili vina bei ndogo kuliko tairi moja jipya la kashata.

Waliokwisha kulipia

Dunia imeshawahi kuona kinachotokea pale upepo mdogo, joto na mzigo vinapokutana kwenye tairi lenye kasoro. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliyaondoa sokoni matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani. Yalikuwa ya aina za ATX na Wilderness AT, matairi ya njia zote, na mengi yalifungwa kwenye Ford Explorer. Kashata na mikanda yake ya chuma ilikuwa ikibanduka gari likiwa katika mwendo, gari linapinduka.

Wakala wa usalama barabarani wa Marekani, NHTSA, ulihusisha matairi hayo na vifo 271. Kampuni hizo mbili zilitupiana lawama hadharani, na sehemu ya ugomvi ilikuwa namba ya upepo. Ford ilikuwa imependekeza psi 26 kwa Explorer, Firestone ikasema ilipaswa kuwa 30. Uchunguzi ulikuta kasoro kwenye muundo wa matairi yenyewe, lakini upepo mdogo uliyaongezea joto na kula akiba ndogo ya usalama iliyokuwapo. Ajali zilikithiri kwenye majimbo ya kusini yenye jua kali, na mwaka mmoja kabla, 1999, Ford ilikuwa tayari imeanza kubadilisha matairi kwa wateja wake Saudi Arabia.

Psi 4 tu ndizo zilizokuwa zikibishaniwa. Sisi tunaendesha tukiwa tumekosea kwa 12.

Kutokana na mkasa huo Marekani ilitunga sheria mwaka huohuo wa 2000, na kufikia Septemba 2007 magari mapya madogo yote yalitakiwa kuwa na taa ya kuonya upepo ukipungua. Taa hiyo inapatikana sasa kwenye magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki, na inaleta utulivu wa uongo. Imewekwa kuwaka upepo ukishuka asilimia 25 chini ya namba ya kiwandani. Kama stika inasema 29, taa itawaka karibu na 22. Ukiwa na matairi ya LT yanayohitaji 43, utakuwa umeshaliua tairi kabla taa haijawaza kuwaka.

Pima asubuhi, kabla hujawasha gari

Namba zote nilizotaja ni za tairi baridi, lililokaa saa tatu au zaidi bila kutembea. Kosa la kawaida mno katika njia ya Kaskazini linatokea Karatu. Dereva amejaza 44 alfajiri Arusha. Anasimama kupata chai, anapima, geji inasoma 50. Anashtuka, anatoa hadi irudi 44. Kesho yake asubuhi, matairi yakiwa yamepoa kwenye ubaridi wa ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ana 38 na mzigo uleule.

Upepo kupanda safarini ni jambo la kawaida. Madereva wa 4x4 wa Australia, wenye barabara za mawimbi ndefu kuliko zetu, wana kanuni rahisi ambayo ningependa kila karakana ya Arusha iiandike ukutani. Pima tairi la LT likiwa baridi, endesha lami saa moja, pima tena. Likipanda psi 6 hivi, ulianza na upepo sahihi. Likipanda 10, ulianza na upepo mdogo, au umezidisha mzigo au mwendo. Likipanda 2 tu, ulizidisha upepo. Kwa matairi ya kawaida ya gari dogo kiwango ni psi 4.

Ni kanuni ya uzoefu, na haichukui nafasi ya jedwali la mtengenezaji. Uzuri wake ni kwamba inapima joto lenyewe, na joto ndilo linaloua.

Wengine hutumia chaki. Unachora mstari kukatisha kashata, unasogeza gari mita mia moja kwenye lami iliyonyooka, unaangalia wapi chaki imefutika. Ikifutika katikati peke yake, upepo umezidi. Ninaipenda kwa gari lisilo na mzigo, ila siikubali iwe hakimu. Tairi la kisasa linaweza kufuta chaki yote sawasawa likiwa na upepo usiotosha kabisa kubeba abiria saba.

Kuna pia suala la mwinuko, ambalo huzua ubishi mkali miongoni mwa madereva wanaotoka Dar es Salaam. Ukipanda kutoka usawa wa bahari hadi ukingo wa Ngorongoro, karibu mita 2,300, hewa ya nje hupungua nguvu na geji huonyesha ongezeko la psi 3 na kitu. Lakini usiku wa kule unaweza kuwa na ubaridi wa nyuzi 20 chini ya Dar, na kila nyuzi 5 au 6 hupunguza karibu psi 1. Hivi viwili vinakaribia kufutana. Dereva asiguse chochote, apime asubuhi.

Kwenye mawimbi na kwenye tope

Kwa changarawe ya Lodoare hadi Seronera, punguza asilimia 20 hadi 25 ya upepo wa lami. Aliyekuwa na 43 nyuma ashuke hadi 34 hivi, na 35 za mbele ziwe 27 au 28. Ndani ya Serengeti mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na mwendo huo ndio unaofanya punguzo hili liwe salama. Anayepunguza upepo kisha akakimbia 80 juu ya mawimbi, kwa imani kwamba gari litaelea, analipika tairi lake mwenyewe.

Tope jeusi ni hadithi nyingine. Kushuka hadi 20 kunaweza kumnasua aliyekwama, polepole, bila kukata usukani kwa nguvu. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na kulirudisha ukiwa umezungukwa na tope na simba ni kazi ambayo simtakii mtu.

Mizani kwanza, stika baadaye

Kampuni ya utalii inayotaka kulimaliza jambo hili inahitaji siku moja. Ichukue gari lililojaa kama linavyojaa siku ya safari, watu ndani, matangi yamejaa. Iende kwenye mizani, hata ya wafanyabiashara wa mazao au kokoto, ipime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Igawanye kila moja kwa mbili. Imwombe muuzaji jedwali la mzigo na upepo la tairi alilouza, na muuzaji asiyeweza kulitoa hastahili kuuza matairi ya kashata. Ihakikishe pia kwamba rimu zinaruhusu upepo huo, kwa sababu nazo zina kikomo.

Kisha ichapishe stika mpya yenye namba nne: mbele na nyuma kwa lami, mbele na nyuma kwa changarawe. Ibandikwe juu ya ile ya kiwandani, mahali dereva anapoangalia siku zote.

Na yale matairi mawili ya spea yanayopigwa jua nyuma ya gari yajazwe kwa namba ya nyuma ya lami, iliyo kubwa kuliko zote. Dereva aliye peke yake Naabi, pampu ikiwa imemgomea, ataweza kutoa upepo. Kuongeza hataweza.